Maji Yanayozoleka

Mpira ukifika mapumziko, Garbiñe anajua.
Hana redio zamuni. Anatazama saa,
anahesabu dakika arobaini,
na mji mzima unamjia kwa bomba:
bia ya baa saba za nyuma ya kanisa,
mkojo wa wanaoongoza na wa wanaofungwa
umeshapatana chini ya lami.

Jina lake, kwa Kibaski, lina usafi ndani.
Aliosoma nao humtania kwenye harusi:
Bi Usafi, leo umenusa nini?
Nimewanusa ninyi, huwajibu,
na anaongeza mchuzi.

Kwenye chekecheke la kwanza, la chuma,
mji unaungama bila padri:
vijiti vya pamba, vitambaa visivyooza,
mafuta ya kukaangia yaliyoganda kama mshumaa,
na mwaka jana meno ya bandia, safu ya juu tu.
Aliyaosha, akayaweka dirishani,
huenda mwenyewe angepita akayatambua.
Hajapita.

Kisha mchanga unashuka. Kisha tope linalala.
Kisha birika refu, linachemka bila moto,
hewa ikipulizwa humo usiku kucha
kwa ajili ya kundi. Ndivyo aitavyo, kundi,
kama babu yake na kondoo zake mlimani.
Kwenye hadubini anawatazama wakila:
huyu kengele juu ya shina, anafumba, anafumbua;
huyu ana masharubu yazungukayo kama feni.
Wakila, hana neno.
Wakizubaa, kuna mtu kamwaga kitu huko juu,
mpaka rangi, karakana, mwenye haraka zake.

Baba yake, Koldo, aliosha chuma kwa asidi
miaka thelathini na mmoja,
na asidi ikaenda ilikokwenda.
Mto ulikuwa wa kutu Jumatatu,
mweusi Ijumaa. Mshahara ulikuja, mkate ukaliwa.
"Mto hubeba," alikuwa akisema.
Hakusema hubeba hadi wapi.

Wahenga wetu walinena: maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakudanganya. Hawakuwa na zamu ya usiku tu.
Huyu anayazoa, ndoo isiyo na mpini,
ya mji mzima, kila siku, Krismasi ikiwemo,
na alfajiri anakinga gilasi mlangoni pa kutokea,
anaiinua kwenye taa:
hayanyweki, haya.
Yanamtosha mto.

Ila Februari mvua ilinyesha siku tatu.
Matangi ya akiba yakajaa,
zikabaki sentimita nne, kisha mbili.
Kanuni inaruhusu: lango lifunguliwe,
mto upokee ghafi.
Alimpigia mhandisi Unai. Unai akapiga miayo,
akasema, wewe ndiye uliye hapo.
Alingoja dakika kumi na moja, kidole juu ya kitufe.
Ya kumi na mbili akafungua.
Robo saa. Ameiandika daftarini, saa na dakika,
na chini, pasipo mstari wa maoni,
neno moja: samahani.
Msimamizi alilikata kwa kalamu nyekundu.

Aprili, Koldo alisimama darajani kupumzisha goti.
Chini, kando ya jiwe, mkunga mchanga,
mwembamba kama kamba ya kiatu,
alikuwa akipanda mkondo, anarudishwa,
anapanda.
Hakumwita mtu. Alikaa mpaka goti likamsahau.

Usiku, mezani, akasema,
"Mle mna kitu kinaishi."
Garbiñe akaendelea kumenya chungwa.
Mzee akainuka na kikaango, mafuta ya samaki bado vuguvugu,
akaelekea kwenye sinki kama miaka yote,
akakiinamisha, akakiinua tena.

"Haya," akauliza, mgongo wake kwetu,
"haya yanamwagwa wapi?"